Mzee Alinanuswe na Viti Vinne vya Jumamosi

Kosa ambalo wengi hulifanya wanapoanza kucheza briji ni kunyamaza pale mwenzao anapowaomba waseme. Mtu anatazama karata zake, anaona ni mbovu, anasema "pasi", na moyoni anaamini amefanya busara. Mwenzake anabaki peke yake mbele ya wapinzani wawili. Ndugu Alinanuswe Mwakibete amekuwa akilisahihisha kosa hilo kwa subira karibu kila Jumamosi katika chumba cha mapumziko cha Kiwanda chetu cha Chai Ikombelo. Leo, Ijumaa tarehe 28 Juni 1996, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu. Wengi wenu mnamjua kama mwonjaji wa chai, na mezani pake hamjawahi kukaa. Kwa hiyo nitaeleza yote mawili, kazi na karata, na msomaji asiyejua karata asiogope.

Alizaliwa Masukulu mwaka 1941. Aliajiriwa Juni 1963 kuwa karani wa mizani, akipima majani mabichi yaliyoletwa na wakulima. Haikuchukua mwaka kabla msimamizi wake hajagundua kwamba karani huyu, kabla ya kusoma mizani, huinamia gunia na kunusa, kisha husema kama majani yalilala humo tangu jana. Hakukosea mara nyingi. Akahamishiwa chumba cha kuonja, na huko ndiko alikokaa hadi leo.

Kuonja chai si kazi ya starehe kama jina lake linavyodokeza. Vikombe hupangwa mstari mmoja, kumi na viwili au ishirini, na mwonjaji hupita akivuta kijiko cha kila kimoja kwa kishindo ili chai itawanyike mdomoni, kisha huitema. Mlinzi mmoja mgeni, akipita dirishani siku yake ya pili kazini, alimwona Mzee akivuta na kutema kikombe baada ya kikombe. Alikimbia zahanati kumwita Jotham, mganga wetu, akisema kuna mtu amekula sumu. Jotham alikuja na mkoba. Alipofika alipewa kikombe cha kumi na tatu, akaombwa atoe maoni.

Mwaka 1971 Mzee alitema kikombe cha tatu cha asubuhi akasema kikaushio namba mbili kina ufa. Ezron, fundi mitambo, alikuwa amekikagua siku mbili nyuma. Alimwambia mbele ya watu kwamba ulimi hauna macho ya kuona bomba. Mashine ilipozimwa na kufunguliwa, ufa ulikuwepo, na moshi wa kuni ulikuwa ukipenya ndani na kukaa kwenye majani. Ezron si mtu wa kuomba radhi. Alichofanya ni kuja Jumamosi iliyofuata, akavuta kiti, akataka afundishwe karata.

Karata zenyewe zilikuwa na historia ya upweke. Zamani, kabla shamba halijawa mali ya umma, mameneja wageni walikuwa na klabu yao, na briji haichezwi bila watu wanne. Wa nne wao alipokuwa akiugua malaria mara kwa mara, walimwita karani wa kuonja kwa sababu alijua kuhesabu na alikuwa karibu. Walimpa kiti na kumfundisha vizuri. Kwa miaka miwili alikaa nao kila wiki, na kwa miaka miwili hawakumuuliza jambo lolote lisilohusu karata. Walipoondoka waliacha meza yenye kitambaa cha kijani na pakiti mbili za karata, moja haina saba ya pau. Mzee alikata saba mpya kutoka kwenye boksi la chai. Aliwahi kuniambia kwamba siku ile aliikalia ile meza akaamua kwamba akipata watu wake, watazungumza.

Akawapata. Ezron alikuwa wa kwanza, Jotham wa zahanati akafuata, na wa nne alikuwa Yussuph, mwenye duka la vifaa pale Tukuyu, ambaye hakuwa mfanyakazi wetu ila hakuna aliyekumbuka hilo. Walianza Jumamosi kengele ya nusu siku ilipolia na kuacha Yussuph alipoinuka kwenda kuswali Magharibi. Sisi Wanyakyusa tuna neno ukwangala, yaani kukaa na wenzako wa rika lako, kula na kuongea bila kuwa na shughuli nyingine. Wazee wetu walihesabu jambo hilo kuwa sehemu ya utu wa mtu. Meza ile ilikuwa ukwangala wa Mzee Alinanuswe, na mvua ya Tukuyu, inayopiga bati hadi mtu asisikie sauti yake, haikuwahi kuivunja hata wiki moja.

Sasa nieleze jambo alilopenda kulifundisha kuliko yote. Katika briji watu wanne hukaa wawili wawili, kila mtu akitazamana na mwenzake, na kila mmoja ana karata kumi na tatu. Kabla ya kucheza kuna mnada. Kila mtu kwa zamu hutaja aina ya karata anayotaka iwe turufu, shupaza, kopa, uru au pau, na ushindi mara ngapi anaahidi, juu ya mara sita za msingi, katika mizunguko kumi na mitatu ya mchezo. Asiye na la kusema husema pasi. Anayeona wapinzani wameahidi wasichoweza husema "dabo", yaani adhabu yenu iongezwe mkianguka, na faida yenu iongezwe mkitimiza.

Lakini dabo ina maana ya pili, na hiyo ndiyo wengi hawaijui. Mpinzani akifungua mnada kwa kusema kopa moja, na mwenzako bado hajasema neno, wewe ukisema dabo humtishi mpinzani. Unamwambia mwenzako aliye ng'ambo ya meza: nina karata nzuri, kopa ninazo chache, na aina nyingine tatu zote naweza kukusaidia, taja yako. Mzee alikuwa na masharti mawili kwa mwenye kuisema. Awe na nguvu ya kufungua mnada yeye mwenyewe, na awe tayari kwa jibu lolote atakalopewa, kwa sababu ni aibu kumuuliza mtu kisha kukunja uso anapojibu.

Kwa anayeulizwa sharti ni moja. Mpinzani aliye katikati akisema pasi, wewe lazima useme. Hata kama huna ree wala mfalme, zile karata kubwa kuliko zote. Wewe mwenye mkono mbovu ndiye uliyekatazwa kunyamaza kuliko wote, maana ukinyamaza wapinzani watacheza kopa yao kwa faida iliyoongezwa, na nguvu ambayo wewe huna iko mikononi mwao. Mwenye ruhusa ya pasi ni yule tu aliyejaliwa kopa nyingi na nzito, anayejua hakika kwamba watavunjika, na huyo hutokea mara chache. Mzee alisema jambo hili kwa sauti ileile ya kumweleza mkulima kwa nini gunia lake limerudishwa, bila kumdhalilisha.

Kisha biashara ikafunguliwa. Katikati ya miaka ya themanini tulikuwa tumezoea kupanga foleni ya sabuni na kunywa chai yetu wenyewe bila sukari. Miaka michache baadaye maduka ya Tukuyu yalijaa sukari, vitenge, betri na redio, na sote tulifurahi. Furaha hiyo ndiyo iliyoondoa kiti cha kwanza. Yussuph sasa alikuwa na bidhaa za kufuata Tunduma na Dar es Salaam, na Jumamosi ikawa siku yake ya safari. Alituma salamu, kisha akatuma pakiti mpya ya karata, halafu akawa mtu wa kupungiwa mkono garini. Mwaka 1990 Mzee alimzika mkewe, mama yetu Esnath. Watoto wao wawili wako mbali na huandika kila Krismasi. Mwaka 1992 kiwanda kilipunguza wafanyakazi, na Ezron akawa kwenye orodha ya kwanza. Mwaka uliofuata Jotham, kwa ajili ya presha, alihamia kwa binti yake Chunya. Hakuna aliyemkosea Mzee. Kila mmoja alikuwa na sababu ambayo mimi na wewe tungeikubali.

Meza ilibaki na mtu mmoja kwa miezi kadhaa. Ndipo akaja Atuganile, Mama Sekela kwa waliomzoea, mkuu wa chumba cha kuchekecha, mwanamke aliyesimamia watu thelathini bila kupaza sauti. Alikuja kurudisha sampuli, akauliza mafungu yale manne ya karata yaliyolala wazi yana maana gani, na Mzee, ambaye hajawahi kupewa swali akalijibu kwa kifupi, alimweleza hadi kengele. Mwaka mzima walijifunza hivyo, wawili, karata zikiwa wazi, kwa sababu wa tatu na wa nne hawakuwepo.

Mwaka 1994 walikuja wathamini wawili kutoka Dar es Salaam, waliotumwa kukipigia kiwanda hesabu kabla hakijauzwa. Walikaa wiki mbili. Jumamosi ya kwanza, mvua ikiwa imewafungia ndani, waliiona meza na kuuliza kwa mshangao kama kuna anayecheza briji hapa. Nadhani walitarajia kucheka kidogo. Mzee na Atuganile walikaa, nasi wengine tukajazana mlangoni.

Haikuchukua muda. Mthamini mmoja alifungua kwa kopa moja. Mzee alikuwa na kopa moja tu, na shupaza, uru na pau nne nne, pamoja na ree mbili na wafalme wawili. Mkono wa kutolea mfano. Akasema dabo. Mthamini wa pili akasema pasi. Atuganile alikuwa na shupaza nne ndogo na malkia mmoja wa uru, basi. Jibu lilikuwa shupaza moja, na alilijua, maana alikuwa amelitoa mara mia wakifundishwa. Aliinamisha macho, akasema pasi.

Wathamini walicheza kopa yao, wakatimiza walichoahidi na kupata ushindi wa ziada mara mbili. Mmoja alisema kwa upole kwamba mama bado anajifunza. Mzee alikusanya karata, akazichanganya polepole, na sisi tuliosimama mlangoni tuliuona uso wake. Sikuwa nimeuona hivyo tangu mazishi ya Esnath.

Baadaye wiki ile Atuganile alimweleza Mzee, nami nikiwepo, na maelezo yake yalinifundisha zaidi ya kitabu. Hakusahau sheria. Wakiwa wawili, karata wazi, lilikuwa somo tu. Lakini mbele ya wageni, mtu mzima aliyemheshimu kama baba yake alipotamka neno zito kama dabo, na yeye ana malkia mmoja, aliona ni utovu wa adabu kuongeza lake juu yake. Huku kwetu mkubwa akishasema, mdogo hutazama chini. Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia kwamba aliyeuliza hakutaka heshima. Alitaka jibu, hata kama ni bovu, ili ajue aelekee wapi.

Jumamosi ya pili wathamini walirudi. Mmoja alifungua kwa shupaza moja. Mzee, dabo. Mthamini wa pili, pasi. Atuganile alikuwa na pau tano, zote ndogo, na hakuwa na ree, mfalme wala malkia. Alikaa kimya kwa muda mrefu kiasi kwamba mtu mmoja mlangoni alikohoa kumsaidia. Kisha, akiwa bado ameinamisha kichwa, alisema, "Pau mbili."

Wote wakasema pasi. Kwa sheria ya briji aliyetaja turufu ndiye huzicheza karata za pande zote mbili, na mwenzake hulaza zake wazi mezani na kukaa bila kusema. Mzee alizilaza, akaweka mikono magotini. Atuganile alicheza kwa uangalifu aliokuwa nao kwenye chekeche zake. Alitakiwa kushinda mara nane, sita za msingi na mbili alizoahidi, akashinda mara saba. Wathamini waliandika alama zao, ambazo zilikuwa chache sana kuliko za Jumamosi iliyotangulia.

"Tumeanguka, tata," alisema Atuganile, akimwita baba kwa Kinyakyusa.

"Tumeanguka kwa moja tu, Mama Sekela," Mzee akajibu. "Na leo sikuwa peke yangu."

Mthamini mmoja alitaka kuonyesha jinsi ambavyo pau zingeweza kuchezwa ili washinde, lakini Mzee alikuwa amekwisha kuinuka kwenda kuwatengenezea chai. Alitengeneza ile ya daraja la kwanza, ambayo kwa kawaida hairuhusiwi kutoka chumba cha kuonja. Katika miaka thelathini na mitatu hilo ndilo kosa la kinidhamu pekee ninalolijua kwake, na naamini muda wa kulishtaki umepita.

Wathamini waliondoka. Desemba 1995 orodha ya pili ilibandikwa, na Atuganile alikuwemo. Alirudi Lufingo kwenye migomba yake.

Tangu Januari hadi mwezi huu, aliyepita kwenye dirisha la chumba cha mapumziko Jumamosi mchana alimwona Mzee akigawa mikono minne. Anakaa kiti cha kwanza, anatazama karata, anatamka mnada. Anainuka, anazunguka, anakaa kiti cha pili, anajijibu. Baadhi ya vijana wa lori walisema anacheza na mizimu, wengine wakasema afadhali mizimu maana haidai zamu. Nimewasikia, na nilicheka nao mara moja. Kisha siku moja nilisimama zaidi ya kawaida. Alikuwa amekaa kiti cha upande wa kusini akasema dabo, halafu hakuinuka. Alikaa pale akitazama kiti kilicho mbele yake, kama anakipa muda.

Mwezi uliopita kamati ya kuagana ilimwita na kumuuliza angependa zawadi gani. Kamati ilikuwa na mapendekezo mazuri, blanketi, bati au redio. Mzee alishukuru, akafikiri, akasema, "Blanketi ninalo. Nipeni watu watatu, Jumamosi moja kwa mwezi, waje Masukulu. Nitawafundisha mwenyewe."

Mjumbe mmoja alisema kwamba kwa matope ya Masukulu watafika karata zimeota uyoga. Tukacheka. Mzee naye akacheka kidogo, kwa adabu, akasubiri. Kicheko kilipokwisha hakuna aliyesema neno. Mwenyekiti akaendelea na suala la idadi ya soda. Nilikuwa kwenye kikao hicho, nami nilitazama chini kama wengine, na sikuwa na sababu yoyote isipokuwa kwamba sijui kucheza vizuri na niliona aibu kujitolea nikiwa na uwezo mdogo. Blanketi limenunuliwa. Ni la bluu, na liko pale mezani.

Habari hii ilimfikia Atuganile Lufingo, sijui kwa mdomo wa nani. Wiki iliyopita alituma ujumbe kwa dereva wa lori la majani kwamba yeye atakwenda Masukulu Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, na kwamba anauliza wengine wawili ni akina nani. Dereva alinipa ujumbe huo mimi. Sikuwa na majina ya kumrudishia.

Ndugu Alinanuswe, kiwanda hiki kinakushukuru kwa ulimi ambao haukuwahi kusifia chai mbaya ili kumfurahisha mkubwa, wala kuikosoa nzuri ili uonekane mjuzi. Wakulima wanakushukuru kwa kuwaeleza kosa la gunia lao badala ya kulirudisha tu. Sisi tuliofanya kazi nawe tunakushukuru kwa saa nyingi ulizotumia kutueleza mambo tuliyodhani tunayajua. Ndaga fijo, asante sana. Mungu akujalie afya, migomba iliyonyooka, maji ya moto yasiyopoa, na nyumba yenye sauti za watu ndani yake.

Na kwako unayesoma ukurasa huu ukumbini: meza ile ya kijani imepakiwa tayari kwenye lori, pamoja na viti vyake vinne. Jumamosi ya kwanza ni tarehe sita Julai. Si lazima ujue tofauti ya shupaza na pau. Hilo utafundishwa, na kwa kirefu. Leo, kabla hujatoka mlangoni, mwendee Mzee Alinanuswe umwambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba utakuja.